Maswali ya Wasomaji: Viwango Kwanza, Uongozi wa Chama cha Bantamu Baadaye

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Wafugaji wa bantamu, wale kuku wadogo wa mapambo ambao miaka michache iliyopita walionekana kwenye nyumba chache tu za mjini, sasa wanataka kujua kuku bora ni yupi, nani mwenye haki ya kusema hivyo, na chama chao kiundwe vipi. Nimejibu barua sita, na ile ya kwanza kwa urefu, kwa sababu zilizobaki zinaiegemea.

Swali: Mhariri, salaam. Sisi ni wafugaji wa kuku wa mapambo kutoka Tanga, Arusha, Morogoro na Dar es Salaam. Tumezoea kuuziana mayai na vifaranga, na sasa tumeazimia kuunda chama cha kitaifa cha wafugaji wa bantamu. Kikao cha kwanza kiliishia kwenye mabishano kuhusu nani awe mwenyekiti na ada iwe shilingi ngapi. Mwenzetu mmoja alipendekeza uchaguzi usubiri mpaka tuandike viwango vya aina tunazofuga, wengine wakamcheka. Je, tuanze na katiba au viwango? (Wafugaji, Tanga)

Jibu: Ndugu zangu wa Tanga, aliyechekwa ndiye aliyegusa kiini cha jambo. Kiwango cha aina ni maandishi yanayomweleza kuku bora wa aina hiyo tangu kichwani hadi kwenye kucha: umbo na msimamo wake, uzito wa dume na jike, kilemba, macho, rangi ya kila sehemu ya manyoya, miguu na mkia, pamoja na makosa yanayompunguzia alama na yale yanayomwondoa kabisa mashindanoni. Pasipo maandishi hayo, neno "bora" hubaki mikononi mwa mwenye sauti kubwa au mwenye fedha nyingi za kuagiza kuku kutoka nje, na chama hugeuka kuwa soko ambalo kila muuzaji husifu mali yake bila kipimo cha pamoja.

Historia ya ufugaji huu inamuunga mkono mwenzenu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sir John Saunders Sebright, mbunge wa Hertfordshire huko Uingereza, alijitahidi kwa miaka mingi kumpata kuku mdogo ambaye kila unyoya wake umezungukwa na pindo jembamba jeusi. Mnamo mwaka 1815 hivi yeye na wenzake waliunda klabu ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza kuanzishwa kwa ajili ya aina moja tu ya kuku. Kilichowaunganisha watu wale ni kukubaliana kuhusu ndege waliyekuwa wakimtafuta. Kitabu cha kwanza cha viwango vya kuku nchini Uingereza kilitoka mwaka 1865, ilhali Poultry Club of Great Britain, ambayo ndiyo mlezi wa viwango vya nchi hiyo hadi leo, iliundwa mwaka 1877. Huko Marekani, wafugaji walikutana Buffalo, New York, mwaka 1873 wakaunda American Poultry Association, na kusudi lao kuu lilikuwa kuwa na kipimo kimoja cha kuwahukumu kuku. Mwaka uliofuata kitabu chao cha viwango kilikuwa tayari. Wapenzi wa bantamu wa Marekani walisubiri hadi mwaka 1914 ndipo wakapata chama chao wenyewe, American Bantam Association.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Chagueni kamati ya muda yenye watu wachache wanaoaminika, ipeni miezi sita, na kazi yake iwe kuandika viwango pamoja na rasimu ya katiba. Msijaribu kutunga upya viwango vya aina za kigeni. Aina iliyokuja na kiwango chake ipokelewe na kiwango hicho hicho, kitafsiriwe kwa Kiswahili cha kueleweka, ili mfugaji wa Kilosa asome maneno yale yale anayosoma jaji. Kiwango cha Uingereza kinampa jogoo wa Sebright, yule kuku wa Sir John, gramu 620 na jike gramu 510. Pekini hatakiwi kuzidi gramu 680 akiwa dume na 570 akiwa jike. Na bantamu wa Kiholanzi ni mdogo zaidi, dume gramu 500 hadi 550 na jike 400 hadi 450. Mkianza kubadilisha takwimu hizi ili ziwafae kuku mlio nao, hamtaweza tena kumwambia mnunuzi wa Nairobi au wa Muscat kwamba mnamuuzia Sebright.

Kazi nzito ya kamati iwe mizani. Kila mwanachama apime kuku wake wote waliokomaa, kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, asubuhi kabla ya kuwalisha, na aandike kwa makundi manne: jogoo, koo, pora (jogoo kijana) na tembe (jike kijana). Takwimu hizo zikikusanywa kutoka mikoa yote, mtajua mko umbali gani na viwango, na mtajua aina zipi zina wafugaji wa kutosha na zipi zina mfugaji mmoja tu. Zile zenye mfugaji mmoja au wawili zisiundiwe tawi lake. Waingereza wana Rare Poultry Society, iliyoanzishwa mwaka 1969, ambayo huzikusanya chini ya mwavuli mmoja aina zisizo na klabu zake zenyewe, na mpango huo unatufaa sana sisi wenye kuku wachache.

Kuhusu katiba, Tanzania Bara mtasajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337, na wenzetu wa Kenya wana Sheria ya Vyama yao, Sura ya 108, ambayo huhesabu kuwa chama jumuiya yenye watu 10 au zaidi. Vifungu vya kawaida vya mkutano mkuu, mhazini na akaunti ya benki vinajulikana, sina haja ya kuvirudia. Ninasisitiza vitatu ambavyo vyama vingi vya wafugaji husahau. Kamati ya viwango isiongozwe na mwenyekiti wa chama wala na mtu anayeishi kwa kuuza vifaranga. Kiwango kikishapitishwa kisiguswe kwa miaka mitano, kwa kuwa mfugaji anayechagua wazazi leo ataona matunda yake baada ya vizazi kadhaa, na kumbadilishia lengo katikati ya safari ni kumdhulumu. Na pete za miguuni, zenye mwaka na namba, ziwe mali ya chama, zitolewe na katibu peke yake na ziandikwe kwenye daftari moja. Ada ianzie kwenye gharama ya pete hizo na ya kuchapisha viwango. Hapo mabishano ya shilingi ngapi yatakuwa na msingi.

Swali: Nilinunua jozi ya Sebright wa dhahabu kwa bei kubwa. Jogoo amekomaa na anawika, lakini hana yale manyoya marefu ya mkia yanayopinda, na shingo yake imefanana kabisa na ya jike. Je, nimeuziwa kuku mgonjwa au chotara? (Mfugaji, Unguja)

Jibu: Hukudanganywa hata kidogo. Jogoo wa Sebright anatakiwa awe na manyoya ya kike: asiwe na manyoya ya mundu mkiani, na manyoya ya shingo na ya kiuno yawe na ncha za mviringo badala ya kuchongoka. Ni jambo la kurithi. Mwishoni mwa miaka ya 1910 mwanasayansi wa Marekani, Thomas Hunt Morgan, aliwahasi majogoo wa Sebright, nao wakaota manyoya ya kijogoo yaliyokamilika, jambo lililoonyesha kwamba homoni za kiume ndizo zinazoyafanya manyoya ya Sebright yawe ya kike. Sasa inafahamika kwamba ngozi ya kuku hawa huigeuza homoni ya kiume kuwa ya kike.

Ukitaka kujua kama fedha yako imekwenda mahali pake, mtazame kwa karibu. Mshike kwa kiganja chini ya kifua, miguu yake ikiwa katikati ya vidole vyako, kisha ufungue bawa polepole kwenye mwanga wa jua. Kila unyoya uwe wa rangi moja safi ya dhahabu, na pindo jeusi liuzunguke wote kwa upana ule ule, si nene kwenye ncha na kupotea pembeni. Manyoya makubwa ya bawa na ya mkia ndiyo yanayofichua udhaifu: mara nyingi utakuta madoa meusi au vumbi la rangi ndani ya sehemu ya dhahabu. Kilemba kiwe kipana, chenye vijichunusi vidogo juu na ncha moja inayoelekea nyuma. Usishangae mayai mengi yakikosa mbegu, kwani Sebright wana sifa hiyo kokote wanakofugwa; weka jogoo kijana mwenye nguvu na majike wachache.

Swali: Ninafuga chabo wa Kijapani wenye miguu mifupi sana. Katika kila utotoleshaji mayai mengine hufa mapema, na vifaranga wengine hutoka na miguu mirefu kana kwamba si watoto wa wazazi wale. Muuzaji wangu anasema mashine ya kutotolesha ni mbovu. (Mfugaji, Mombasa)

Jibu: Mashine yako haina hatia. Miguu mifupi ya chabo inaletwa na jeni ambayo kuku huweza kuibeba mara moja tu. Kifaranga akiirithi kutoka kwa baba na kwa mama, hufa katika siku za mwanzo ndani ya yai. Ukiwapandisha wazazi wawili wenye miguu mifupi, kwa wastani katika kila mayai manne yenye mbegu moja litakufa, mawili yatatoa vifaranga wa miguu mifupi na moja kifaranga wa miguu mirefu. Mulika mayai siku ya 7 kwa tochi ndani ya chumba chenye giza, na utaona pete nyembamba ya damu kwenye yale ambayo uhai ulikoma mapema.

Ukimpandisha mwenye miguu mifupi na mwenye miguu mirefu, utapata nusu kwa nusu, na hakuna kifaranga atakayekufa kwa sababu hiyo. Hii ndiyo njia ninayokuhimiza uifuate, na ndiyo ambayo chama chochote kitakachoundwa hapa kwetu kinapaswa kuilinda kwa maandishi. Kiwango kitamke kwamba chabo wa miguu mirefu, ingawa hashindani, ni kuku halali wa kuzalishia na anastahili pete ya chama. Mfugaji akiaibishwa kwa kuwa nao atawachinja, atabaki na wafupi kwa wafupi, na robo ya mayai yake itaendelea kufa bila faida kwa mtu yeyote. Bandani weka maranda makavu wakati wote, kwa sababu kuku ambaye mabawa yake yanagusa chini huchafuka na kuumwa upesi kwenye unyevu.

Swali: Kwa nini mnatuandikia habari za Uingereza na Japani tu? Kijijini kwetu tuna kidimu (mwenye manyoya yaliyojipinda), kishingo (mwenye shingo wazi), bukini (asiye na mkia) na ching'wekwe. Je, hawa hawawezi kuingia kwenye viwango vya chama cha taifa? (Mwalimu na mfugaji, Morogoro)

Jibu: Mwalimu, barua yako imenifurahisha kuliko zote, na ningependa chama hicho kikiundwa kilibandike swali lako ukutani. Wanaweza kuingia, na kwangu mimi wakikosa kuingia chama hakitastahili kuitwa cha taifa.

Hata hivyo tuwe wakweli kuhusu uzito. Ching'wekwe, ambaye ni mdogo miongoni mwa kuku wetu wa asili, ana jogoo mwenye kilo 1.6 hivi na jike mwenye kilo 1.2, yaani zaidi ya mara mbili ya Sebright. Huyo si bantamu kwa kipimo chochote, na tukimwita hivyo tutachekwa kwa haki. Pekini, Sebright na bantamu wa Kiholanzi ni bantamu wasio na ndugu wakubwa. Bantamu wengine ni nakala ndogo za aina kubwa, na nakala hizo kwa desturi huwa na uzito wa robo hivi ya ndugu zao. Chama kina njia mbili. Ya kwanza ni kufungua sehemu ya kuku wadogo wa asili, wakahukumiwa kwa viwango vyao wenyewe na kwa uzito wao. Njia ya pili ni ya muda mrefu: kuchagua kila kizazi wale wadogo zaidi walio na afya, mpaka ipatikane nakala ndogo ya kishingo au kidimu. Mimi ningeanza na ile ya kwanza.

Kabla ya kuandika neno lolote, jueni kuku hawa wanavyorithisha. Kishingo mwenye jeni moja hubakiwa na kishada kidogo cha manyoya mbele ya shingo; mwenye jeni mbili shingo yake huwa wazi karibu yote. Kiwango kikisema "shingo iwe wazi kabisa" kitakuwa kimechagua wenye jeni mbili, nao wakipandishwa wao kwa wao watazaa kishingo watupu. Kikikubali kishada, lazima kikubali pia kwamba baadhi ya vifaranga watakuwa na shingo ya kawaida. Uamuzi wowote kati ya hiyo miwili unafaa, mradi ufanywe kwa kujua. Manyoya machache humsaidia kishingo kustahimili joto, na hilo peke yake ni sababu ya kumheshimu pwani. Kidimu ni kinyume chake: kidimu kwa kidimu huzaa robo ya vifaranga wenye jeni mbili, ambao manyoya yao hukatika na kuacha ngozi wazi. Kiwango cha kidimu kitake unyoya mpana, imara, uliojipinda kuelekea kichwani, na kihesabu manyoya yaliyokatika kuwa kosa kubwa, ili wafugaji wampandishe kidimu na kuku wa manyoya ya kawaida kutoka damu ile ile. Bukini naye hana mifupa ya mwisho ya mkia wala tezi ya mafuta, na manyoya ya nyuma huziba njia ya mbegu. Yapunguzwe kwa mkasi msimu wa kutaga, na kiwango kiruhusu jambo hilo waziwazi.

Mlango wa kuingilia uwe mwembamba. American Poultry Association haikubali aina mpya mpaka wapatikane wafugaji wasiopungua watano walioifuga kwa miaka isiyopungua mitano, kisha kuku wenyewe waletwe kwenye onyesho la kuhakikiwa. Nasi tuchukue sharti hilo bila kulilegeza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapo hapo Morogoro wamekwisha kuchunguza makundi ya kuku wa asili, wakiwemo kuchi, mbeya, singamagazi na ching'wekwe, kwa hiyo kamati yenu haitaanza gizani. Nendeni mkawaone kabla ya kupima kuku wa kwanza.

Swali: Pekini wangu wote wawili ni wa rangi ya bluu, lakini vifaranga wengine ni weusi na wengine weupe wenye madoa. Je, rangi imeharibika? (Mfugaji, Dodoma)

Jibu: La, iko sawasawa. Bluu kwa bluu hutoa, kwa wastani, nusu bluu, robo weusi na robo weupe wenye madoa. Ukimpandisha mweusi na mweupe mwenye madoa wa damu hiyo utapata bluu watupu. Wape pete wote, usitupe hata mmoja.

Swali: Tunakusudia kuwa na onyesho letu la kwanza la bantamu kando ya maonyesho ya kilimo. Tunaogopa mambo mawili: majaji kupendelea marafiki, na kideri. Tufanyeje? (Katibu wa kikundi, Nakuru)

Jibu: Mna haki ya kuogopa yote mawili, na la pili zaidi. Kuku wa mashamba mengi wakikaa siku moja chini ya paa moja, mmoja aliyebeba kideri anatosha kufunga mabanda ya wanachama wote. Asikubaliwe kuku ambaye hakuchanjwa angalau wiki mbili kabla ya onyesho, na cheti cha afisa mifugo kionyeshwe mlangoni, wala si ndani. Chanjo ya I-2, ambayo hutiwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, inafaa sana kwa wafugaji wadogo kwa kuwa hustahimili joto kuliko chanjo nyingine. Mlangoni pia mtu mmoja ainue bawa na manyoya ya chini ya mkia wa kila kuku kutafuta chawa na utitiri. Anayekutwa nao arudi nyumbani bila mjadala, hata akiwa wa mwenyekiti. Baada ya onyesho kila mfugaji awatenge kuku wake kwa wiki tatu, awahudumie mwisho baada ya wengine, na abadilishe viatu.

Majaji nao wafungwe kwa utaratibu, maana wema wa mtu peke yake hautoshi. Vizimba viwe na namba tu, bila majina. Jaji asihukumu aina anayoifuga katika onyesho ambalo yeye au jamaa yake ameleta kuku. Ahukumu kwa alama 100 zilizogawanywa na kiwango, akitazama kwanza kutoka mbali msimamo na mwendo wa kuku, kisha amshike, apapase mfupa wa kifua kama umenyooka, akague miguu na manyoya. Kwa aina ambazo huonyeshwa mezani, kama serama wa Kelantan nchini Malaysia ambaye jogoo wake huwa chini ya gramu 500, kuku aachwe ajionyeshe mwenyewe, kwa kuwa madaha yake ni sehemu kubwa ya alama.

Huko Uingereza jaji hufanya mtihani kabla ya kuaminiwa. Kwetu, onyesho la kwanza liwe pia darasa: kila jaji aandamane na wanafunzi wawili ambao wataandika alama zao kimyakimya, kisha zilinganishwe mwishoni. Karatasi ya kila kuku, yenye sababu za alama na siyo namba tupu, apewe mwenyewe siku hiyo hiyo, na nakala yake ipelekwe kwa kamati ya viwango.